JIHADHARI NA MBEGU BANDIA ZA MAHINDI

Kila mwaka mvua kubwa zinapokaribia, wakulima wengi wa skimu hutafuta mbegu kwa wakati mmoja. Shamba limekwisha limwa, mbolea imo ghalani, na kila mtu anataka kupanda kabla ya jirani yake. Watu wa hila wanalijua jambo hilo vizuri sana. Hungoja mpaka maduka yajae watu, na mbegu ya aina inayopendwa iwe imekwisha, kisha hutokea na pakiti zao. Wewe ambaye ulikuwa na wasiwasi wa kukosa mbegu hufurahi kuipata, wala huangalii sana unachopewa.

Basi yafaa ujue wanavyofanya. Hununua mahindi ya kawaida sokoni, yale ya kusaga unga, wakachagua punje zinazolingana, wakazipaka rangi inayofanana na rangi ya mbegu halisi, na kuzitia katika pakiti. Pakiti nyingine huigwa na kuchapwa upya, nyingine ni pakiti halisi zilizotumiwa na kutupwa. Wengine huchukua mbegu halisi iliyopitwa na wakati wake na kubadilisha tarehe. Wakaguzi wa KEPHIS, yaani idara ya Serikali inayolinda afya ya mimea na ubora wa mbegu, pamoja na polisi, wamewakamata watu wa namna hii mara nyingi, na hata katika sehemu za Bonde la Ufa ambako mahindi ndiyo mali ya watu.

Wako wazee wanaosema kwamba mkulima mzoefu huijua mbegu kwa kuishika mkononi. Sivyo. Rangi si ushahidi, maana rangi inauzwa dukani. Kampuni za mbegu hupaka rangi kwa sababu mbegu imetiwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na rangi hiyo ni onyo kwamba mtu asiile wala asiwape kuku. Haikuwekwa ili kuthibitisha kwamba mbegu ni nzuri.

Tena kuna jambo linalowadanganya watu zaidi ya hilo. Mbegu bandia mara nyingi huota vizuri kabisa. Mahindi ya sokoni yakiwa makavu na hayakuliwa na dumuzi, yataota kama mahindi mengine yoyote. Utayapalilia, utayatia mbolea ya pili, na moyo wako utatulia. Hila itaonekana baadaye, mahindi yanapotoa mbelewele. Hapo utaona shina moja refu na jingine fupi, moja limetoa mbelewele na la jirani yake bado, ndevu za rangi mbalimbali, na magunzi mengi madogo. Wakati huo huwezi kupanda tena.

Ili uelewe sababu yake, ni lazima ujue mahindi chotara, ambayo wengi wetu tunayaita haibridi, yametoka wapi. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa chotara ya kwanza ya nyanda za juu, nayo ilipewa jina la H611. Mzazi mmoja alikuwa mahindi yaliyoboreshwa hapo hapo Kitale, na mzazi wa pili alitoka nchi ya Ecuador, katika Marekani ya Kusini. Wazazi hao wawili walipokutanishwa, mtoto alikuwa na nguvu kupita wote wawili. Lakini nguvu ile ni ya kizazi kile cha kwanza. Ukichukua punje za shamba la chotara ukazipanda mwaka wa pili, nguvu hupungua, na mimea huanza kutofautiana, mmoja ukimfuata babu huyu na mwingine babu yule. Ndiyo maana kampuni huwakutanisha wazazi upya kila mwaka, na ndiyo maana unailipia mbegu bei kubwa kuliko mahindi ya kula. Mdanganyifu hukuuzia mjukuu kwa bei ya mtoto.

Hebu tupige hesabu. Ekari moja hutaka kilo 10 za mbegu, yaani pakiti 5 za kilo mbili mbili. Tuseme katika shamba lako ekari moja, ukiitunza, hukupa magunia 20. Ukipanda mbegu bandia ukapata magunia 9, umepoteza magunia 11. Kulima kulikuwa kule kule, mbolea ilikuwa ile ile, na vibarua wa kupalilia walitaka mshahara ule ule. Kwa hiyo usifikiri hasara yako ni bei ya pakiti 5. Hasara ni msimu mzima, na karo ya watoto iliyokuwa itoke humo.

Sasa tufike kwenye dawa ya jambo hili. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS. Juu yake kuna sehemu iliyofunikwa, nawe huikwangua kwa kucha au kwa sarafu kama tulivyokuwa tukikwangua kadi za simu. Chini yake utaona namba. Iandike namba hiyo katika ujumbe mfupi wa simu, uipeleke kwa 1393. Simu yo yote ya mkononi inaweza kufanya kazi hii, hata ile ndogo ya vibonyezo.

Jibu litakuja likikueleza mbegu hiyo ni ya kampuni gani na ni ya aina gani. Usiridhike kwa kuona tu kwamba jibu limekuja! Lisome, ulilinganishe na maandishi ya pakiti. Ikiwa pakiti inasema H614D na jibu linataja aina nyingine, hiyo si mbegu yako. Ikiwa pakiti mbili zina namba moja, ziache zote mbili. Na ikiwa kibandiko kimekwisha kwanguliwa kabla hujakishika, usikubali maneno ya mwenye duka kwamba alikuwa akikusaidia. Fanya kazi hiyo mwenyewe, ukiwa bado ndani ya duka, kabla hujaondoka na mzigo. Ukiwa na haraka, mtume kijana wako anayejua kusoma.

Siku hizi limezuka duka jingine lisilo na mlango, nalo limo ndani ya simu. Watu hutangaza mbegu katika Facebook na katika makundi ya WhatsApp, wakiweka picha ya pakiti safi na bei iliyo chini ya bei ya mjini. Kisha huambiwa utume pesa kwa M-PESA, na mzigo utakufikia kwa gari la abiria au kwa pikipiki. Si wote walio wezi; wako wauzaji wa haki wanaofanya biashara hivyo, na mkulima aliye mbali na barabara hupata nafuu. Lakini kumbuka kwamba picha ya pakiti halisi inaweza kupigwa na mtu yeyote aliyeingia dukani. Hata namba iliyokwanguliwa na kutumwa kwako kwa picha haithibitishi kitu, maana hujui pakiti iliyo na namba ile iko wapi. Namba inayokuhusu ni ile iliyo juu ya pakiti utakayoipanda, nayo iwe bado imefunikwa inapokufikia.

Kwa hiyo mwulize muuzaji duka lake liko mji gani, na kama ana leseni ya KEPHIS ya kuuza mbegu. Mwambie utalipa mzigo ukifika, baada ya kupeleka namba kwa 1393. Akiwa mtu wa kweli atakubaliana nawe, au atakuelekeza kwa wakala wake aliye karibu nawe. Akikukazania utume pesa sasa hivi kwa sababu pakiti zimebaki chache, mwache. Bei iliyo chini sana nayo ni dalili, kwa kuwa mwenye mbegu halisi wakati wa mvua hana haja ya kuipunguza bei.

Dukani vile vile tafuta leseni, ambayo inafaa iwekwe mahali inapoonekana. Usinunue mbegu kwa gorogoro kutoka gunia lililofunguliwa, hata kama muuzaji ni mtu wa ukoo wako. Angalia tarehe, na uone kama mshono wa pakiti umeguswa. Halafu angalia jina la aina yenyewe, kwa sababu mbegu iliyo halisi kabisa inaweza kukutia hasara ikiwa si ya mahali pako. Zile za H6 ni za nyanda za juu, za H5 ni za mahali pa wastani, na za DH ni za nchi kavu. Afisa wa kilimo wa kata yako atakuambia ipi inafaa katika skimu yenu.

Ukifika nyumbani na siku zipo, jaribu kuotesha punje 100 katika mchanga wenye unyevu au gunia lililoloweshwa, na baada ya siku 7 uzihesabu zilizoota. Mbegu nzuri ya mahindi hupita 90. Jaribio hili litakuonyesha mbegu iliyozeeka, ila halitakuonyesha mahindi ya sokoni yaliyopakwa rangi, kama nilivyokwisha eleza.

Dai risiti yenye tarehe na jina la aina ya mbegu. Weka risiti, pakiti, kibandiko na konzi moja ya mbegu mahali pakavu mpaka uvune. Ukisha kuvuna, ikate pakiti vipande vipande au uichome, isije ikaokotwa na kujazwa tena.

Ikitokea umeshuku jambo baada ya kupanda, usione haya na usingoje mavuno. Mwone afisa wa kilimo, au nenda katika ofisi ya KEPHIS iliyo karibu. Ziko Kitale, Nakuru, Kisumu na Embu, na makao makuu yako Karen, Nairobi. Chukua vitu vile ulivyoviweka. Majirani zako walionunua duka lile lile nao waende pamoja nawe, na mwende wakati mahindi yangali yamesimama shambani, ili mkaguzi ayaone kwa macho yake.