Usaili wa wataalamu wa kompyuta: Sampuli yageuka gunia

MNUNUZI wa kahawa mjini Moshi hupewa sampuli kabla ya mnada. Huionja, huipima, kisha huamua bei atakayotaja. Sampuli yenyewe ni kidogo na muuzaji haumii. Katika soko la watengenezaji wa programu za kompyuta mambo yamekwenda kinyume: sampuli inayodaiwa inakaribia kuwa gunia zima, na gharama yake yote humwangukia muuzaji, yaani mwombaji wa kazi.

Utaratibu ni huu. Baada ya kusoma maombi, mwajiri humtumia mwombaji zoezi la kufanyia nyumbani. Atengeneze, tuseme, programu ya kupokea oda za wateja, kuzihifadhi na kutoa ripoti ya mauzo. Maelekezo husema ni kazi ya saa tatu au nne. Lakini mwombaji anayejua kwamba ana washindani hathubutu kurudisha kazi ya saa nne. Ataongeza vipimo vya kuhakiki makosa, maelezo ya matumizi na sura ya kupendeza, mpaka Jumamosi na Jumapili ziishe. Wengi hupata jibu la mistari miwili. Wengine hawajibiwi kabisa.

Usaili wa ana kwa ana ulikuwa na breki yake: kila saa ya mwombaji ilimgharimu mwajiri saa moja pia. Zoezi la nyumbani limeikata breki hiyo. Piga hesabu ya waombaji 40, kila mmoja akitumia saa 10. Hizo ni saa 400 za kazi ya kitaalamu. Mwajiri akikagua kila zoezi kwa nusu saa, yeye ametumia saa 20 tu. Bidhaa isiyolipiwa huagizwa kwa wingi, na hilo halihitaji shahada ya biashara kulielewa.

Ni haki kusema kwamba zoezi hili lilipokelewa kama nafuu. Mtindo uliotangulia, ambao bado upo, ni wa kumsimamisha mwombaji mbele ya ubao na kumtaka atatue fumbo huku wasaili wakimwangalia. Juni 2015 Max Howell, aliyetengeneza programu ya Homebrew inayotumiwa na mafundi wengi wa kompyuta za Apple, alilalamika hadharani kwamba Google walimkataa kwa kushindwa fumbo la ubaoni ilhali wahandisi wao wengi walitumia kazi yake. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba lawama ile haikuwa ya haki kabisa, lakini mjadala ulikuwa umekwisha kuwaka.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina pamoja na Microsoft waliwapima wanafunzi 48 wa kompyuta. Baadhi walitatua tatizo mbele ya msaili, wengine peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kiasi kwamba ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Kwa maneno mengine, mwajiri alikuwa ananunua ujasiri akidhani ananunua ufundi.

Je, sampuli ya kazi inatabiri vizuri zaidi? Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter, waliopitia tafiti za miaka 85, waliipa alama 0.54 katika kipimo ambacho 1 ni utabiri kamili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia mahesabu kwa uangalifu zaidi, alama ikashuka hadi 0.33, huku usaili wenye maswali yaliyopangwa na yaleyale kwa kila mwombaji ukiongoza kwa 0.42. Sampuli ina thamani, lakini si ya kumla mtu siku mbili bure.

Kampuni ya Automattic ya Marekani, inayoendesha WordPress.com, ilijaribu njia nyingine. Mkuu wake, Matt Mullenweg, alieleza mwaka 2014 kwamba waombaji waliofika hatua za mwisho walipewa kazi halisi ya majaribio na kulipwa dola 25 kwa saa, bila kujali cheo walichoomba. Kwa bei hiyo zile saa 400 zingegharimu dola 10,000. Mwajiri anayejua atatoa hundi ya kiasi hicho asingewapa zoezi watu 40. Angewachuja kwanza kwa mazungumzo, wabaki watatu au wanne.

Anayeumia zaidi ni mwenye kazi tayari na mwenye watoto, maana wikiendi yake si mali yake. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayeomba kazi ya mbali kwa mwajiri wa Ulaya huongeza juu ya hapo bando la intaneti, na jenereta umeme ukikatika.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 zoezi lenyewe limepoteza sehemu ya thamani yake, kwa kuwa mashine inaweza kuandika programu ya oda kwa dakika chache. Baadhi ya waajiri sasa humwita mwombaji aeleze na kurekebisha kazi yake wakimwona, na hivyo kulipa saa walizokuwa wamezikwepa.

Ipo pia hatari ya wizi. Novemba 2023 kampuni ya usalama Palo Alto Networks ilitoa taarifa kuhusu waajiri bandia, iliowahusisha na Korea Kaskazini, wanaotuma "zoezi" lenye programu hasidi ndani yake. Mwombaji akiliendesha, kompyuta yake imefunguliwa mlango, na kama ni ya ofisi, hasara ni ya mwenye kampuni na wanahisa wake.

Waombaji wazoefu wameanza kuuliza kabla ya kugusa faili: wangapi wamepewa zoezi hili, nani atalikagua, na kama kuna malipo. Wasipojibiwa, huhamia kwenye tangazo linalofuata.