Usinunue Munisagara kiangazi

Mnunuzi kutoka mjini hupenda kufika Munisagara, wilayani Kilosa, mwezi wa Septemba. Njia zimekauka, Mto Mkondoa umenywea, na eneo analooneshwa bondeni linavutia: tambarare, udongo mweusi, reli ya zamani karibu, milima ya Usagara nyuma yake. Dalali anataja bei, nayo ni ya chini kuliko alivyotarajia. Wengi hapo hapo hutoa fedha. Ushauri wangu ni kwamba Septemba iwe ya kutazama tu. Mwenye nia ya kuishi katika bonde hili arudi Februari, arudi tena Aprili, akakione kiwanja kilekile mvua zikiwa zimekolea.

Kilosa inaujua vizuri Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulivunja tuta, ukaingia mjini na katika vijiji vya jirani, ukaacha maelfu ya watu bila makazi. Reli ya Kati ilisombwa kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Januari 2014 mafuriko yakarudi wilayani, safari hiyo upande wa Magole na Dumila. Reli mpya ya SGR ilipojengwa ilipitishwa kwenye mahandaki ndani ya milima ya Kilosa. Ikiwa wahandisi wenye chuma na zege waliona heri kulikwepa bonde, baba au mama anayeweka akiba yake yote kwenye tofali ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza maji hupita wapi.

Ukiletwa kwenye nyumba, anza na kuta. Nyumba ya tofali mbichi iliyowahi kuingiliwa na maji hubaki na mstari wa tope, rangi ya chini tofauti na ya juu. Hata ikipigwa lipu upya, gonga karibu na msingi usikilize: lipu iliyoachana na tofali hulia wazi. Tazama fremu za milango zinapogusa sakafu, maana mbao huanza kuoza hapo. Zunguka uani uone kama choo cha shimo kimetitia. Kisha mwache muuzaji na dalali, nenda kwa jirani mwenye umri mkubwa, piga hodi, salimia, ukae. Muulize mwaka wa mafuriko maji yalifika wapi. Atakuonesha kwa kiganja, gotini au kifuani, na kipimo hicho kina thamani kuliko maelezo yote ya dalali.

Chukua pia futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba iliyomo ndani ya mita hizo haina utetezi siku ya kuambiwa ihame. Kwa eneo linalopakana na reli, uliza kwanza hifadhi ya reli inaishia wapi.

Bonde hili lina historia chungu ya karatasi. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alimtia Mangungo wa Msowero, hapa hapa Kilosa, kwenye mkataba ambao kila mwanafunzi wa Tanzania anausoma darasani. Mwanzoni mwa Desemba akafanya vivyo hivyo kwa mtawala ambaye Wajerumani walimwandika Muinin Sagara. Mikataba iliandikwa Kijerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi, na Usagara ikawa mali ya kampuni ya wageni. Inaniuma kuona, baada ya yote hayo, mjukuu wa bonde hili akiweka dole gumba kwenye karatasi aliyosomewa harakaharaka na mtu anayesubiri kamisheni.

Karatasi yenyewe mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari. Imeandikwa kwamba fulani amemuuzia fulani shamba, bei imetajwa, majirani wawili wametia saini, basi. Vipimo havipo. Mpaka unatajwa kuwa "kwenye mkonge", wakati mkonge huota machipukizi na kusogea kila mwaka. Haikuandikwa kama mwembe ulio pembeni umo au haumo, wala kiasi gani kimelipwa na kiasi gani kimebaki. Karatasi ya namna hii huonekana imara hadi siku ndugu wa muuzaji anaporudi kutoka Dar es Salaam, na sheria inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Mauzo yasiyopata ridhaa ya halmashauri hayana nguvu, hasa mnunuzi anapokuwa si mwanakijiji. Saini ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi. Omba suala lako lifike kwenye kikao na liingie kwenye muhtasari, upate nakala yenye muhuri. Uliza pia mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kwa sababu vijiji kadhaa vya Kilosa vimetenga misitu ya hifadhi milimani, na shamba zuri linaloteremka kutoka huko laweza kuwa ndani ya mpaka wa msitu. Ukitajiwa asilimia fulani ya bei ili muhuri ugongwe, omba kuoneshwa sheria ndogo inayoiruhusu, pamoja na risiti ya serikali.

Mikumi ni habari nyingine. Pale ni mji mdogo, kwenye barabara kuu ya Iringa, na viwanja vilivyopimwa huwa na namba na bikoni. Anayenunua huko afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa, Morogoro, ajue jina lililo kwenye hati ni la nani na kama kuna benki inayoidai. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake, kwa hiyo safari si ndefu kama zamani.

Muuzaji naye ana maandalizi, na hapa ndipo hasara kubwa zaidi hutokea. Nyumba nyingi vijijini huuzwa kwa shida: mgonjwa yuko hospitali, mtoto ameitwa chuo, shule inafunguliwa Jumatatu. Mnunuzi akijua hivyo, anasubiri tu. Mwenye nyumba ambaye angependa kuuza miaka miwili ijayo aanze leo kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, apimiwe, majirani wataje mipaka kwa midomo yao wakiwa hai na wakiwa hawana ugomvi. Hati mkononi humpa muuzaji nafasi ya kukataa bei mbaya.

Azungumze na mwenzi wake kabla ya kumtafuta dalali. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mke au mume. Kama nyumba ni ya marehemu baba, muhtasari wa kikao cha ukoo ni mwanzo tu. Anayestahili kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na dada walioolewa mbali wahesabiwe tangu kikao cha kwanza, si kupigiwa simu fedha zikishagawanywa. Kodi nayo iulizwe mapema TRA: faida ya mauzo hutozwa asilimia 10 kwa mkazi, lakini nyumba ya kuishi inaweza kupata msamaha, na kumbukumbu za gharama, kuanzia risiti ya bati hadi ya saruji, hupunguza faida inayohesabiwa. Risiti hizo zikae kwenye bahasha moja tangu siku ya kujenga.

Kwenye mkataba, andikeni pia mambo ambayo watu huyaonea haya. Mahindi yaliyomo shambani atavuna nani? Muuzaji atahama tarehe ngapi, na funguo zitakabidhiwa mbele ya nani? Na kama kuna makaburi, yahesabiwe, yaandikwe yalipo, eneo lake litolewe kwenye vipimo vya mauzo, na iachwe njia ya upana wa kupita watu wenye jeneza, kwa sababu familia iliyouza itaendelea kuja kufanya usafi na siku nyingine itakuja kuzika.