Istanbul: Simit na chai vyawapunguzia ugeni wafanyabiashara wa Kongo

Wafanyabiashara toka Goma na Bukavu wanaokwenda kununua nguo katika mtaa wa Laleli, mjini Istanbul, huhesabu kila dola: ya hoteli, ya bidhaa, ya mizigo. Pesa ya chakula ndiyo hupunguzwa kwanza. Hapo simit inawafaa: mkate wa mviringo wenye tundu katikati, unaouzwa barabarani kwenye mikokoteni myekundu kwa bei ndogo.

Ndani ni unga wa ngano, chachu na chumvi, kama mkate wa nyumbani. Ugeni uko nje. Kabla ya kuokwa, unachovywa katika maji yenye asali ya zabibu, kisha unaviringishwa kwenye ufuta. Ndiyo maana ganda lake linakauka na kunukia, huku ndani ukibaki laini.

Wakaaji wa Istanbul wanaula tangu karne ya 16; siku hizi wanaula pamoja na chai isiyo na maziwa katika glasi ndogo. Kwa aliyezoea chai na mandazi ao mkate asubuhi, hapo hahitaji mkalimani: anaonyesha kidole, analipa, anakula. Lakini awahi asubuhi. Ikifika jioni, simit imekuwa ngumu.