Chembe Nzima Huizuia Kansa

Yako maneno yazagaayo miongoni mwetu ya kwamba kansa ikiingia katika ukoo huitawala damu yote, wala hapana cha kuizuia. Posa yaweza kuvunjika kwa hofu hiyo.

Wataalamu nao walielekea huko kwa muda. Mwaka 1960, nchini Ufaransa, Georges Barski na wenzake waliona chembe za panya za namna mbili, moja kali kwa kansa na nyingine si kali sana, zikiungana na kuwa chembe moja. Chembe hiyo ilipopandikizwa katika panya iliota uvimbe. Ikadhaniwa basi kuwa tabia ya kansa ndiyo yenye nguvu.

Mwaka 1969 jawabu likapinduka. Henry Harris wa Oxford, pamoja na George Klein wa Stockholm na wenzao, waliziunganisha chembe kali za kansa ya panya na chembe zisizoota uvimbe kwa urahisi. Kiunganishi kilikuwa virusi vya Sendai vilivyokwisha kuuawa, ambavyo huzigandisha chembe ngozi kwa ngozi. Ajabu ni kwamba chembe mseto nyingi hazikuota uvimbe. Na pale ulipoota, chembe zake zilikutwa zimepoteza baadhi ya kromosomu, zile nyuzi zichukuazo urithi. Maana yake, mlinzi alikuwamo. Alipopotea, kansa ikarudi. Ziko jeni nyingine zichocheazo kansa zenyewe, lakini hizo zina habari yake.

Mwaka 1971 Alfred Knudson wa Marekani alieleza vivyo hivyo kansa ya jicho la watoto. Jeni huja jozi, moja ya baba na moja ya mama. Mtoto aliyerithi moja mbovu angali analindwa na ya pili. Uvimbe huanza pale ambapo hiyo nayo imeharibika katika chembe ya jicho. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1986.

Kwa hiyo mzazi mwenye jeni hiyo mbovu, kila mtoto wake yumo katika nusu kwa nusu ya kuirithi, na yafaa apimwe na daktari wa macho tangu siku zake za kwanza. Na mtoto yeyote ambaye mboni yake yang'aa weupe, kama jicho la paka gizani, apelekwe hospitali mara moja, maana ugonjwa huu ukiwahiwa watoto walio wengi hupona.