UZI: Mtoto akilazwa usingizi thieta, nani anachunga pumzi yake?

1/ Kila msimu wa siasa tunaahidiwa thieta mpya. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, mashine bado iko ndani ya nailoni. Lakini kuna swali ambalo huwa halifiki jukwaani: mtoto wako akidungwa dawa ya usingizi humo ndani, nani ataketi kichwani pake kuchunga pumzi? Huu uzi hauna chama. Twende polepole.

2/ Kwanza maneno, maana kwenye mijadala watu huyachanganya. Ganzi hufisha sehemu moja ya mwili; mtoto yuko macho. Dawa ya kutuliza humfanya asinzie, kwa mfano atulie kwenye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili au kwa kiti cha daktari wa meno. Nusukaputi ni usingizi mzito kabisa: hasikii, hajui, na mara nyingi hata kupumua anasaidiwa.

3/ Sasa shika hili: kati ya kutulizwa na nusukaputi hakuna ukuta. Ni mteremko. Dozi inayomfanya mtoto mmoja asinzie kidogo inaweza kumzamisha mwingine hadi njia ya hewa izibe. Ndiyo maana anayempa mtoto dawa hiyo anatakiwa awe na uwezo wa kumwokoa akizama kuliko ilivyopangwa.

4/ Mtoto pia si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kwa kila kilo ya uzito, mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, na akiba yake ni ndogo. Ulimi ni mkubwa kwa kinywa chake, njia ya hewa ni nyembamba. Pumzi ikikatika, mtu mzima aliyepewa oksijeni vizuri anakuachia dakika kadhaa za kutafuta suluhu. Mtoto mchanga hakuachii muda huo.

5/ Halafu kuna hesabu. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo. Uzito ukikisiwa kwa macho, dozi nayo ni ya kukisia. Na nukta ikiwekwa mahali pasipofaa, mtoto anapata dozi mara 10. Kwa hivyo mizani inayofanya kazi ni kifaa cha usalama, hata kama hakuna mwanasiasa atakayepiga picha nayo.

6/ Haya, tuingie kwa hoja za majukwaani. HOJA YA KWANZA: "Tutaleta mashine."
Tushapitia hapo. Mwaka 2015 ulitiwa saini mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, hospitali 2 kwa kila kaunti, vya thieta vikiwemo. Baadaye Seneti ilichunguza, na ikabainika kuna vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa watu wa kuviendesha, au umeme na maji ya uhakika.

7/ Si kwamba mashine hazina maana. Oksimita, kile kidude cha kubana kidoleni, huonyesha oksijeni kwenye damu. Kapnografu huonyesha kila pumzi inayotoka. Mtoto akiacha kupumua, kapnografu huonya kabla oksijeni haijashuka. Lakini mashine kazi yake ni kulia tu. Anayeinua kidevu, anayefungua njia ya hewa, anayebana mfuko wa oksijeni, ni binadamu. Na huyo hukodishwi pamoja na mashine.

8/ HOJA YA PILI: "Nusukaputi waachiwe madaktari bingwa peke yao."
Inasikika vizuri. Lakini hapa Kenya kazi hii hufanywa na makundi matatu: madaktari bingwa, maafisa wa kliniki waliosomea nusukaputi, na wauguzi waliosomea nusukaputi. Mabingwa wengi wako miji mikubwa. Ukiwaondoa hao wengine kesho, hospitali nyingi za kaunti zitafunga thieta, na mtoto mwenye utumbo uliojifunga atasafirishwa usiku kucha.

9/ Upande wa pili nao husema, "Si wapo, inatosha." Haitoshi. Kumlaza mtoto wa siku 3 si sawa na kumlaza mtu wa miaka 30. Ni ujuzi wa ziada, na unafundishika: Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa mafunzo ya juu ya nusukaputi ya watoto kwa madaktari bingwa. Swali la kisera ni jinsi ujuzi huo utakavyoshuka hadi kwa afisa wa kliniki anayefanya zamu peke yake saa nane usiku.

10/ Kuna tatizo lingine chini ya hilo. Makundi hayo matatu yanasimamiwa na mabaraza matatu tofauti: la madaktari, la maafisa wa kliniki, la wauguzi. Kazi moja, mtoto yuleyule. Mgombea akikuambia "tutaimarisha usimamizi", muulize: wa baraza gani, na kiwango kitakuwa kimoja au vitatu?

11/ Na idadi je? Tume ya jarida la Lancet ilipendekeza mwaka 2015 kwamba nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Hiyo ni kazi ya bajeti ya mishahara. Mtu aliyesomeshwa kwa pesa za umma, kisha hakuajiriwa au hakulipwa, ataondoka. Migomo ya madaktari ya 2016/17 na 2024 haikutoka hewani.

12/ HOJA YA TATU: "Afya iligatuliwa, muulizeni gavana."
Nusu kweli. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti vituo vya afya vya kaunti. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo gavana ana swali lake la kuajiri, na Nairobi ina swali lake la viwango. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya, na hakisemi haki hiyo inaisha mpakani mwa kaunti.

13/ Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024? Mjadala mwingi ni kama upasuaji "umelipiwa". Uliza zaidi ya hapo: pesa inayofikia hospitali inatosha mtu wa pili wa kumchunga mtoto, dawa sahihi na saa za uangalizi baada ya kuamka? Bei ikibanwa sana, hayo yasiyoonekana ndiyo hukatwa kwanza.

14/ Mtu atasema usalama ni anasa ya nchi tajiri. Tazama Marekani. Vifo vya watoto waliolazwa usingizi kwenye kliniki za meno vilizua mjadala mkali huko. Mwaka 2019 mwongozo wa madaktari wa watoto na wa meno ya watoto ukasema: usingizi ukiwa mzito, wawepo angalau watu 2 waliofunzwa kuokoa mtoto, na mmoja wao kazi yake ni kumchunga tu. Pesa walikuwa nazo. Kilichokosekana ni jozi ya macho.

15/ Tazama tena upande huu. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji ina vipengele 19 na inatosha kwenye karatasi moja. Ilijaribiwa katika miji 8 duniani, Ifakara ya Tanzania ikiwemo. Matokeo ya 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wagonjwa hao walikuwa wa miaka 16 na zaidi, tusitie chumvi. Lakini funzo liko wazi: watu wakisimama, wakaulizana kwa sauti kabla ya kuanza, makosa hunaswa.

16/ Wazazi, hii ni yenu:
• Hakikisha mtoto amepimwa uzito.
• Uliza masaa ya kufunga. Kanuni inayotumika sana: chakula masaa 6, maziwa ya mama 4, maji 2. Fuata utakayoambiwa, lakini usimshindishe njaa usiku kucha bila kuuliza.
• Sema kama ana mafua, anakoroma sana, au kuna mtu wa familia aliyepata shida na nusukaputi.
• Msiondoke kabla hajaamka vizuri. Mtoto anayesinzia si wa kupakiwa kwa boda. Kichwa kikiinama, njia ya hewa inaweza kuziba.

17/ Na yeyote akija kuomba kura na ahadi ya thieta, muulize haya:
• Mtaajiri wataalamu wangapi wa nusukaputi, kwa bajeti ya mwaka gani?
• Kila kitanda cha upasuaji kina oksimita na kapnografu? Nani hutengeneza zikiharibika?
• Oksijeni ikiisha saa nane usiku, inatoka wapi?
• Mtoto akifariki thieta, kifo kinachunguzwa, na mzazi anaambiwa ukweli?

18/ Hilo la mwisho ndilo zito. Kosa lisiloandikwa hurudiwa. Tukimtafuta wa kufukuza peke yake, wahudumu wataficha. Tusipouliza chochote, watoto wataendelea kulipa. Kati ya hayo mawili kuna njia: kuchunguza kila kifo, kutoa ripoti, kurekebisha. Haina utepe wa kukata. Ndiyo maana lazima tuidai sisi.

Mwisho wa uzi. Ukiwa umefanya kazi thieta, ongeza tulichoacha hapo chini. Ukiwa mzazi, uliza.