Tao la bawaba tatu: kwa nini jibu lako la H linatoka mara mbili?

Kama unasoma uhandisi au ufundi wa ujenzi, bila shaka umeshakutana na lile swali la tao lenye bawaba tatu na mzigo uliosambaa juu yake. Linaonekana jepesi. Unapiga hesabu, unafungua majibu, unakuta kani yako ya mlalo ni mara mbili kamili ya iliyoandikwa. Wengi hapo husema kitabu kimekosewa. Kumbe kosa ni la msomaji, na karibu kila mara liko sehemu ileile.

Tutumie daraja la kweli. Salginatobel liko Uswisi, karibu na kijiji cha Schiers. Lilibuniwa na mhandisi Robert Maillart na likakamilika mwaka 1930. Ni tao la zege lenye bawaba moja kila upande linapokanyaga mlima, na nyingine katikati kileleni. Kutoka egemeo hadi egemeo ni mita 90, na kimo chake, yaani kutoka usawa wa egemeo hadi kileleni, ni kama mita 13.

Mzigo nauweka wa kwangu ili hesabu iende vizuri: kilonyutoni 10 kwa kila mita ya mlalo, umesambaa sawasawa daraja zima. (Uzito wa kweli wa daraja ni mwingine kabisa, usije ukainukuu namba hii.)

Kani za wima hazina shida. Mzigo wote ni 10 × 90 = 900. Pande zote ziko sawa, kwa hiyo kila egemeo linabeba kilonyutoni 450. Mpaka hapa hakuna tofauti na boriti iliyolala juu ya kuta mbili.

Sasa mlalo. Tao likielemewa, miguu yake inataka kuteleza kwenda nje, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani kwenye sakafu ya marumaru. Egemeo linaisukuma irudi ndani, na msukumo huo ndio H. Ukiliangalia tao zima huwezi kuipata H, maana H ya kushoto na ya kulia zinafutana. Inayokuokoa ni bawaba ya kileleni. Bawaba haizuii kitu kuzunguka, kwa hiyo momenti pale ni sifuri. Likate tao kileleni, ubaki na nusu ya kushoto tu, kisha chukua momenti kuizunguka bawaba hiyo.

Kani ya wima: 450 × 45 = 20,250. Kinyume chake kuna mzigo wa nusu hii, ambao ni 450, na kitovu chake kiko mita 22.5 kutoka kileleni: 450 × 22.5 = 10,125. Kinachobaki, 10,125, lazima kizuiwe na H × 13. H ni karibu kilonyutoni 779. Angalia, imezidi hata ile ya wima!

Kosa lenyewe ni hili. Mtu aliyezoea boriti anaugeuza mzigo wote wa 900 kuwa mshale mmoja katikati, kabla hajakata. Kwa kani za wima inakubali, ndiyo maana hashtuki. Lakini katikati ndipo bawaba ilipo. Mshale unapita hapohapo juu ya bawaba, momenti yake inakuwa sifuri, na ile 10,125 ya mzigo inapotea. Anabaki na 20,250 ÷ 13, karibu 1,558. Mara mbili kamili. Kwa hiyo kata kwanza, halafu ndiyo ukusanye mzigo wa kipande ulichobaki nacho.

Na kama mzigo uko nusu ya kushoto tu, tuseme foleni ya malori imeishia katikati? Egemeo la kushoto linabeba 337.5, la kulia 112.5. Hapa chagua nusu ya kulia, maana haina mzigo: 112.5 × 45 ÷ 13, H ni karibu 389. Na ni 389 pande zote mbili, hata upande ambao hauna lori hata moja.

Kimo nacho kina neno. Kikipungua nusu, kiwe mita 6.5, H inaongezeka mara mbili ingawa mzigo haujabadilika. Salginatobel linausukuma mlima. Lakini tao lililolala, likikaa juu ya nguzo nyembamba zilizopigiwa hesabu ya wima peke yake, litazisukuma nje mpaka zipasuke.

Bawaba zina faida nyingine: egemeo likititia kidogo, au zege likitanuka kwa joto, tao linajizungusha kidogo bila kujiumiza. Na kama umbo lake ni parabola, mzigo wa daraja zima haulipindi hata kidogo. Linalolipinda ni lile foleni la nusu daraja, na hulipinda zaidi kwenye robo ya urefu, katikati ya egemeo na kilele. Tazama picha ya Salginatobel: jembamba kwenye bawaba, na limenenepa palepale kwenye robo.