Tembea Vilimani, Lala Nyumbani

Vikundi vingi vinatuuliza: twende matembezi wapi bila kumaliza pesa za chama? Sisi wa Eastlands tulijaribu, tena tukakosea. Mara ya kwanza tulitaka Machakos na Murang'a siku moja. Tulifika Murang'a giza limeingia, kanisa limefungwa, na dereva akadai pesa zaidi ya petroli. Akina mama wawili wakasema hawachangi tena.

Sasa ni mji mmoja kwa siku, na usiku kila mtu kwake.

Machakos ni kama kilomita 60 hivi. Waingereza walikuwa na makao yao pale kabla ya kuhamia Nairobi mwaka wa 1899. Juu kuna vilima vya Iveti, na huko Kituluni watu humwaga maji barabarani waone kama kweli yanapanda mlima. Watoto waliamini. Sisi tunasema ni macho tu.

Murang'a, zamani Fort Hall, ni zaidi ya kilomita 80. Ingieni kanisa la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, mkaone picha za ukutani za Elimo Njau. Yesu anazaliwa kijijini, kati ya Waafrika. Hapo msiharakishe watu.

Ulizeni kanisani mapema kama kutafunguliwa. Bei ya matatu iandikwe, petroli ikiwa ndani. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mgeuke saa tisa, maana msongamano wa Barabara ya Thika jioni mnaujua wenyewe.

Wale mama wawili ndio waliokusanya michango ya safari ya pili.